Msafiri Husoma Nini Kabla ya Kufunga Mzigo?

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na swahaba zake wote. Ama baad.

Kila unapokaribia msimu wa nafasi za masomo, vijana wa hapa Mwembesongo hutujia waalimu wao na swali moja: "Ustadh, nimepata nafasi, nisome kitabu gani kabla sijaondoka?" Mmoja aenda Madina, mwengine Misri, mwengine Uturuki. Na wapo ambao safari yao ni fupi zaidi. Wao wanapanda milima hii tunayoiona kila asubuhi tukitoka msikitini, kwenda Matombo, Mgeta au Kinole kufundisha watoto Qur'ani na kuswalisha. Hawa wa pili mara nyingi hawaulizi kabisa. Wanadhani Uluguru si ugenini. Kwa maoni yangu wao ndio wenye haja zaidi ya kuuliza, na sababu yake nitaieleza huko mbele, Inshaallah.

Jibu lililozoeleka ni kumtajia kijana kitabu cha fiqhi. Jibu hilo lina asili madhubuti. Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111) katika Ihya ametenga kitabu kizima cha adabu za safari, na humo amesisitiza kuwa msafiri ajifunze kabla ya kuondoka yale ambayo safari itamlazimisha kuyajua: kupangusa juu ya khofu, tayammamu, kupunguza na kukusanya swala, kuswali juu ya mnyama, na namna ya kujua kibla na nyakati. Naye Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277), katika vitabu vyake vya Hija, amemtaka mwenye kwenda Hija ajifunze taratibu zake na achukue kitabu kilicho wazi cha manasik awe nacho njiani. Basi kusoma kabla ya safari kumo katika vitabu vyetu tangu zamani, wala hatukukupata kwa watalii.

Lakini elimu hiyo ni ya msafiri juu ya nafsi yake: aswali vipi, ajitwaharishe vipi. Imebaki elimu ya watu anaowaendea.

Hapa kuna hadithi ambayo kila mwanafunzi wa madrasa anaijua, ila wengi wetu tunaipita haraka ili tufike kwenye orodha ya nguzo. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal (R.A.) kwenda Yemen, kabla ya kumwambia awalinganie kwenye shahada, kisha swala, kisha zaka, alianza kwa kumfahamisha kuwa anawaendea watu waliopewa Kitabu. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili. Ibn Hajar katika Fat-hul Bari amelifafanua tamko hilo la mwanzo kuwa ni maandalizi: Muadh akusanye hima yake, kwa kuwa watu wale wana elimu, na mwenye elimu hazungumzishwi kama anavyozungumzishwa mwabudu masanamu asiye na kitabu. Maana yake ni kuwa khabari za wenyeji zilitangulia, ujumbe ukafuata. Na Zaid bin Thabit (R.A.) aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisipite mikononi mwa mtu asiyeaminika, akayajua kwa muda wa kama nusu mwezi.

Basi vitabu vya khabari za watu tutavipata wapi, na tuvipokee vipi? Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu vitabu vya safari ni vingi na si vyote vilivyoandikwa na mtu aliyeona. Sisi wanafunzi wa hadithi tuna mizani ambayo wengine hawana. Tumezoea kuuliza: huyu amepokea kutoka kwa nani? Alikutana naye? Hifadhi yake ilikuwaje? Ni ajabu kwamba mizani hiyo tunaiacha mlangoni tunapofungua kitabu cha historia.

Tuchukue mfano wa Ibn Battuta, kwa kuwa ndiye anayetajwa zaidi na kusomwa kidogo zaidi. Alitoka kwao Tangier mwaka 725 Hijria (1325), na mwaka 1331 akafika pwani yetu, Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Kitabu chake hakukiandika njiani. Alikisimulia huko Fez zaidi ya miaka ishirini baadaye, kwa amri ya Sultani Abu Inan, na mwandishi wake, Ibn Juzayy, akakikamilisha mwaka 757 Hijria. Mwenyewe Ibn Battuta ametaja kwamba maandishi aliyoyanakili Bukhara aliporwa baharini upande wa India. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kitabu ni hifadhi ya kichwa. Na pale hifadhi ilipopungua, kilichukuliwa kitabu cha mtu mwengine. Maelezo mengi ya Makka, Madina na Damascus yaliyomo humo yametoka kwa Ibn Jubayr, aliyesafiri kutoka Granada mwaka 578 Hijria (1183), na mengine ya Palestina yametoka kwa al-Abdari. Jina la mwenye maneno mara nyingi halikutajwa. Mtu akitaka kujua Makka ilivyoonekana kwa mwenye kuiona na kuiandika, basi amwendee Ibn Jubayr moja kwa moja.

Sasa tumtazame alipofika kwetu. Ameieleza Kilwa kuwa ni mji mzuri uliojengwa kwa mbao. Aliyekwenda Kilwa Kisiwani anajua kuwa msikiti mkubwa wa mawe upo hadi leo, kuta na kuba zake, na kwamba jumba la Husuni Kubwa lililochimbuliwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 linanasibishwa na Sultani yuleyule aliyempokea Ibn Battuta, yaani al-Hasan bin Sulaiman, Abul Mawahib. Huenda nyumba za watu wa kawaida zilikuwa za miti na udongo, na hizo ndizo zilizobaki kichwani mwake baada ya miaka ishirini. Vyovyote iwavyo, mawe yanatoa ushahidi mwengine.

Kisha anazungumzia Sofala na dhahabu yake, na kuwa dhahabu hiyo hutoka Yufi, mwendo wa mwezi mmoja. Hapa mwenyewe amesema kuwa aliambiwa na mfanyabiashara. Wataalamu wa leo wanaona kuwa amechanganya khabari za mashariki na za magharibi ya Afrika, kwani Yufi anayoitaja inaelekea kuwa nchi ya Nupe iliyo upande wa Nigeria, mbali mno na Sofala. Lakini katika ukurasa huohuo anasimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomsimamisha Sultani baada ya swala ya Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, na Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Ibn Battuta anasema alikuwepo. Pia anashuhudia kuwa watu wa pwani hii ni Mashafii, wachaji Mungu. Haya mawili nayapokea bila ya shaka, na yale ya Sofala nayaweka pembeni. Mtu ni yuleyule na kitabu ni kilekile. Tofauti ni kuona na kusikia.

Mwenye kutaka mfano wa msafiri aliyefanya kazi hii kwa uaminifu mkubwa basi ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyemaliza kitabu chake juu ya India kiasi cha mwaka 1030. Amekifungua kwa kupima uzito wa khabari mbele ya kuona kwa macho, na kueleza sababu zinazowafanya wapokezi waseme uongo. Kisha akafanya jambo ambalo wasafiri wengi hawakulifanya kabla yake: alijifunza lugha ya Kisanskriti, akasoma vitabu vya Wahindu wenyewe, na akavieleza kwa maneno yao kabla ya kuvihukumu. Hakuacha dini yake kwa kufanya hivyo, wala hakumdhulumu mtu.

Tuje nyumbani. Mji huu wetu wa Morogoro umo katika kitabu kimoja mashuhuri cha safari, nacho ni cha Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald kumtafuta Livingstone. Alipita hapa Aprili 1871, wakati mji ukiitwa Simbamwene, kwa jina la binti wa Kisabengo aliyekuwa akitawala. Ameusifu kwa ukuta na minara yake. Alipopita tena akirudi mwaka 1872 alikuta sehemu ya ukuta ule na nyumba nyingi zimechukuliwa na mafuriko. Hayo aliyaona. Ama habari za Kisabengo mwenyewe, kwamba alikuwa mhalifu aliyekusanya watoro na kuteka watu, hizo alizisikia, kwani Kisabengo alikuwa ameshafariki. Na Stanley alikuwa amegombana na watu wa Simbamwene juu ya honga. Msomaji wa Morogoro akumbuke ugomvi huo anapopima maneno yake, kama vile tunavyotazama ushahidi wa hasimu.

Lakini faida kubwa ya kitabu chake kwa maudhui yetu iko mwanzoni, Unguja, kabla hajavuka. Stanley alikuwa na vitabu vya waliomtangulia, Burton, Speke na Grant. Burton alikuwa bingwa wa Kiarabu, na alipita pembezoni mwa milima hii mwaka 1857, kwa njia ya Zungomero. Stanley anakiri kuwa alivisoma vyote akitafuta jambo moja dogo: msafara wa watu mia unahitaji nguo kiasi gani, shanga za aina gani, na wapagazi wangapi? Hakulipata. Alikuta habari za milima, mito na makabila, lakini la chakula cha kesho hakulikuta. Alichofanya ni kumwendea mfanyabiashara Mwarabu wa Unguja, anayemtaja kwa jina la Sheikh Hashid, mjuzi wa biashara ya bara. Kwake akajifunza kuwa watu mia hula doti kumi za nguo kwa siku, yaani yadi arobaini, na kuwa shanga nyeusi zinapokewa Ugogo lakini kwengine hazina thamani, na shanga nyeupe zinazopendwa Ufipa hudharauliwa penye kutakiwa nyekundu, zile za samesame. Kilo kwa kilo, mzigo wote ungeweza kuwa takataka njiani kwa kukosa neno moja la mjuzi.

Naipenda khabari hii kwa sababu inatoka kwa mtu asiye na sababu ya kutusifu. Safari iliyompa umaarufu ilisimama juu ya elimu ya mzee wa Unguja asiyeandika kitabu. Kwa istilahi yetu, kitabu alikuwa nacho, alikosa sheikh wa kukisomesha.

Sasa nirudi kwa wale vijana wanaopanda Uluguru bila ya kuuliza. Waluguru wengi ni Waislamu wenzetu, tunaswali nao saf moja hapa mjini, na ndiyo maana kijana anadhani hana la kusoma. Anafika kijijini na kitabu chake cha faraidh, ambacho amekihifadhi vizuri, na ndani ya miezi michache analetewa mas-ala ya mirathi. Mtu amefariki, ameacha mke, watoto, na shamba la migomba mlimani. Kijana anagawa: thumuni ya mke, mabaki kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Hesabu ni sahihi. Siku ya pili kijiji kimegawika, na msikiti umegawika nao.

Kosa haliko katika hesabu. Kwa Waluguru nasaba ya ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi kwa asili ni ya ukoo. Mwanamume aliyeoa anaweza kulima maisha yake yote shamba ambalo ukoo wa mkewe, au ukoo wa mama yake, umempa alitumie. Kwa hiyo kabla ya kugawa fungu lolote kuna swali la fiqhi: shamba hili lilikuwa milki ya marehemu, au alikuwa amepewa idhini ya kulitumia tu? Kwetu Mashafii kuazima humalizika kwa mauti ya mwazimaji. Ama migomba na minazi aliyoipanda kwa mkono wake, na pesa alizoacha, hayo ni mlango mwengine. Tena yapo mashamba yaliyonunuliwa kwa pesa, na hayo hayafanani na ya ukoo. Juu ya yote ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inayotambua haki za kimila. Sitoi fatwa hapa, kwani kila shamba lina khabari yake. Ninalosema ni kuwa asiyejua kuuliza swali hili hajafika kwenye faraidh bado, hata akiwa amehifadhi Rahbiyya yote.

Na hili si jipya. Al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri (aliyefariki 684 Hijria), katika al-Furuq amemkataza mufti kumjibu mtu wa nchi nyengine kwa desturi ya nchi yake mufti, bali amuulize kwanza desturi ya kwao. Wapo wanaotaka kulitilia nguvu hili kwa Imam Shafii, kwamba alibadilisha madhehebu yake alipohamia Misri kwa sababu mazingira yamebadilika. Mimi siiendi njia hiyo. Kauli zake mpya zina sababu nyingi, zikiwemo dalili alizozipata na ijtihadi aliyoirejea, na kuzifanya zote kuwa ni hali ya hewa ya Misri ni kumpunguzia Imam. Maneno ya al-Qarafi yanatosha.

Je, viko vitabu vya kumsaidia kijana huyu? Viko, ingawa vingi ni vya Kiingereza na vya watu wasiokuwa wa dini yetu. Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa mwaka 1960 kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru, baada ya ghasia za 1955, pale watu wa milimani walipokataa kulazimishwa kuchimba matuta. Peter Pels alitoa chake mwaka 1999 juu ya wamishonari na Waluguru. Nimesikia wakisema kuwa vitabu hivi si vya kusomwa na mwanafunzi wa dini. Sioni dalili ya katazo hilo. Fosbrooke alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, basi tukijua hilo tunajua alikuwa amesimama upande gani wakati akitazama, na tunachukua maelezo yake ya koo na ardhi kama tunavyochukua khabari ya yeyote: kwa kuipima na kwa kuilinganisha na ya wenyeji. Wazee wa Matombo wanaokumbuka simulizi za baba zao juu ya matuta yale bado wapo, na kikombe cha kahawa pamoja nao ni sharhi ya kitabu kile.

Penye kitabu cha mwenyeji, hicho kitangulie. Atakaye kujua Waswahili wa mrima walivyoishi zama za Wajerumani asianze na msafiri wa Ulaya. Aanze na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye Desturi za Wasuaheli ilichapishwa mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten. Velten huyohuyo alitoa mwaka 1901 Safari za Wasuaheli, na humo mna Selim bin Abakari akieleza kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia. Ni furaha kuona nchi ya theluji ikitazamwa kwa jicho la mtu wa kwetu. Hata hivyo, tukumbuke kuwa waandishi hawa waliandika kwa kutakiwa na Mjerumani, na aliyeuliza swali ana sehemu katika jibu.

Na kwa mwanafunzi anayekwenda Hadhramaut, tunaye Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu (aliyefariki 1925), mwenye madrasa ya Ukutani, Unguja. Alisafiri kwenda huko mwaka 1314 Hijria (1897) na akaandika rihla yake kwa Kiarabu. Atakayeifungua akitafuta bei ya sokoni hatoipata. Humo mna mashekhe, vikao vya elimu, ijaza na ziyara. Lakini mtu anayekwenda Tarim anahitaji kujua hasa hayo: mlango gani ubishwe kwanza, na kwa adabu ipi.

Kwa wanaokwenda Misri na kwengineko kwenye vyuo vikubwa nina maneno machache tu. Aliyemaliza Ajurrumiyya na Alfiyya atashangaa siku ya kwanza Cairo atakaposhindwa kumwelewa muuza maharage. Basi atafute mapema kitabu cha lahaja ya mji anaokwenda, hata kama ustadhi wake wa nahau atakunja uso. Pia aangalie tarehe ya chapa. Kijana aliyesoma mwaka 2022 mwongozo wa maisha ya wanafunzi wa Khartoum aliusoma mji ambao vita vya Aprili 2023 viliugeuza kabisa, na wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa huko walirudishwa nyumbani. Yaliyomo katika Ibn Jubayr hayachakai kwa namna hiyo, kwani tunamsoma kwa ajili ya zama zake. Mwongozo wa mwaka jana unachakaa, kwani tunausoma kwa ajili ya leo.

Mwaka huu kijana mmoja wa darsa yetu alipopangiwa kwenda kusomesha upande wa Matombo, nilimtaka asibebe zaidi ya vitabu vitatu: Minhaj ya Nawawi, daftari tupu, na kile cha Young na Fosbrooke, ambacho mwenzetu mmoja alimtolea nakala ya kurasa zinazohusu koo na ardhi. Kwenye daftari nilimwandikia ukurasa wa kwanza maswali ya kuwauliza wazee kabla hajakaa kugawa mirathi ya mtu yeyote: shamba hili lilitoka kwa nani, marehemu alipewa au alinunua, nani alikuwepo, na ukoo gani unazika pale. Ameshajaza kurasa kumi na moja.

Wallaahu A'lam.